Shemasi na Orodha ya Waliosahauliwa

Mtu akiingia katika kanisa la Kiprotestanti hapa Goma, mashariki mwa Kongo, siku ya Jumapili na kuuliza shemasi ni nani, ataonyeshwa kwa kidole: ni yule aliyesimama mlangoni akiwapangia watu mahali pa kukaa, au yule anayepita kati ya mabenchi na kikapu cha sadaka, au wale wawili wanaoingia chumba cha nyuma baada ya ibada kuhesabu franka mbele ya mweka hazina. Akivuka barabara, akaingia parokia ya Kikatoliki na kuuliza swali hilo hilo, huenda asionyeshwe mtu. Ataambiwa kwamba shemasi alikuwapo mwaka jana, kijana aliyetoka seminari kuu, akasoma Injili na kuhubiri kwa miezi kadhaa, kisha akapewa upadiri na kutumwa kwingine. Kwa jirani zetu hao shemasi ni ngazi. Kwetu sisi shemasi ni mikono. Ninaandika nikiwa mmoja wa mikono hiyo, huu ukiwa mwaka wangu wa tisa, na nimefikia kuamini kwamba pande zote mbili tumeupunguza ushemasi kiasi cha kusahau uliwekwa kwa ajili ya nini.

Habari ya Matendo ya Mitume, sura ya sita, ambayo husomwa karibu kila mara mashemasi wanapowekewa mikono, inaanza kwa manung'uniko. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likiongezeka hesabu, na Wayahudi waliosema Kiyunani wakawanung'unikia Waebrania kwa sababu wajane wao "walisahauliwa katika huduma ya kila siku". Tusome polepole hapo. Wajane hao walikuwa ndani ya kanisa, walisali na wenzao na kumega mkate na wenzao. Ila chakula kilipogawiwa, majina yao hayakutajwa. Wafafanuzi wengi hueleza kwamba Wayahudi wa ughaibuni walihamia Yerusalemu uzeeni ili wafie na kuzikwa katika mji mtakatifu, na mume alipotangulia, mke alibaki katika mji ambamo hakuwa na ukoo wala shamba, akisema lugha ambayo wagawaji hawakuisema nyumbani kwao. Hakuna neno katika habari hiyo linaloonyesha kwamba mtu fulani alikusudia kuwanyima. Walisahauliwa tu. Anayegawa humkumbuka kwanza anayemfahamu, na asiyefahamika hupitwa bila hata ya kuchukiwa.

Mitume walipoletewa manung'uniko hayo hawakuwaambia wanung'unikaji wawe na subira, wala hawakuwalaumu kwa kuleta mgawanyiko katika kanisa changa. Waliita mkutano, wakataka watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, na mkutano ukawachagua Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani, na yule wa mwisho alikuwa mwongofu wa Antiokia, mtu ambaye hata Uyahudi hakuzaliwa nao. Ni kweli kwamba Wayahudi wa Palestina nao waliweza kuwa na majina ya Kiyunani, kama Andrea na Filipo miongoni mwa Thenashara, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi kamili. Lakini saba kwa saba si jambo la bahati. Kadiri ninavyoisoma habari hiyo, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba kanisa la Yerusalemu lilifanya jambo ambalo sijawahi kuona komite yoyote ikilifanya kwa hiari: mfuko ulikabidhiwa kwa upande uliolalamika.

Yapo mambo mawili ya kuongeza kabla ya kuiacha sura hiyo. La kwanza, mwandishi wa Matendo hawaiti wale saba mashemasi. Irenayo, mwishoni mwa karne ya pili, ndiye anayemwita Stefano shemasi wa kwanza, na Yohane Krisostomo baadaye alitia shaka kama cheo walichopewa ndicho hiki tunachokijua. Ubishi huo ni halali, ila haugusi ninachokitafuta, kwa maana kanisa lenyewe lilichagua kuitazama sura hiyo kila lilipotaka kueleza mashemasi ni wa nini. La pili linahusu wale wanaosema kwamba meza ni kazi ya chini na Neno ni kazi ya juu. Katika Kiyunani kazi zote mbili zinaitwa kwa neno moja, diakonia, na watafsiri wa Biblia yetu ya Kiswahili waliliheshimu jambo hilo, wakaandika "kuhudumu mezani" na "kulihudumia lile Neno". Ni huduma na huduma. Tena Stefano aliyewekwa kwa ajili ya meza ndiye aliyekufa kwa ajili ya Neno, na Filipo mwenzake ndiye aliyetangulia kwenda Samaria na kupanda gari la yule Mwethiopia.

Sasa nirudi Goma. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wetu ulitekwa na waasi wa M23 baada ya siku za mapigano, benki zikafungwa, na wiki chache baadaye kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zikavunjwa, watu waliokuwa wakilala Bulengo na Lushagala wakatakiwa kurudi makwao. Wengi hawakuwa na pa kurudi, wakaingia mitaani, wakapokelewa katika vyumba ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Kanisa letu, ambalo sitalitaja jina, lilikusanya kwa waumini unga wa muhogo, maharage, chumvi na sabuni, kila nyumba ikitoa ilichoweza katika majuma ambayo hata mwenye mshahara hakuweza kuufikia mshahara wake. Sisi mashemasi tulipewa kazi ya kuandaa orodha. Tulifanya kama tulivyozoea: tukafungua daftari la waumini, tukaangalia nani ni mjane, nani ana watoto wengi, nani mgonjwa, na kila jina likaandikiwa jetoni, kile kibati cha kupokelea msaada.

Mama mmoja mzee kutoka Masisi alikuwa akisali nasi tangu mwaka uliotangulia, akikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Hakuwamo katika daftari, kwa kuwa hakuja na barua ya uhamisho kutoka kanisa la kwao. Kanisa la kwao lilikuwa limekimbiwa, na mchungaji wake hakujulikana alipo. Kiswahili chetu cha mjini alikisikia zaidi kuliko alivyokisema. Siku ya kugawa alisimama kando ya mstari hadi mstari ulipokwisha, kisha akaondoka, hakusema neno. Aliyeuliza katika komite ni mama shemasi, mdogo kuliko sisi sote kwa umri, akajibiwa kwamba orodha ilikuwa imefungwa. Nilikuwapo. Ningeweza kusema neno na sikulisema, kwa sababu jibu lile lilikuwa sahihi kwa utaratibu wetu, na utaratibu huo mimi ni mmoja wa walioushauri.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta shemasi alikuwa nani kabla ya kuwa mtu wa kikapu, na nilianzia kwenye neno lenyewe. Shemasi limetufikia kwa njia ya Kiarabu, shammas, na Kiarabu kililipata kutoka Kiaramu cha Wakristo wa kale wa Syria, ambako lina maana ya kuhudumu. Hata katika sinagogi mhudumu aliitwa shamashi. Diakre, kama tunavyosema wengi hapa kwa mazoea ya Kifaransa, linatoka kwa Wayunani, diakonos. Kwa muda mrefu wahubiri wametueleza kwamba maana yake ni mtumwa mnyonge anayepakua chakula, na unyonge huo ukafanywa kiini cha ushemasi. Mwaka 1990 msomi wa Australia, John N. Collins, alitoa uchunguzi wa jinsi Wayunani wenyewe walivyolitumia neno hilo, akaonyesha kwamba mara nyingi lilimtaja mtu aliyetumwa kati ya pande mbili, mwenye kubeba ujumbe au kazi ya mwingine na kuifikisha mahali pake. Si wasomi wote waliomkubalia kila kitu, na huduma ya mezani haifutiki katika neno hilo. Hata hivyo kwangu mimi maana ya mjumbe inaeleza mengi ambayo maana ya mnyonge haielezi. Shemasi mnyonge anaweza kuambiwa orodha imefungwa akainama na kutoka; shemasi mjumbe ana mtu aliyemtuma nyuma yake, na hana ruhusa ya kurudi bila jibu.

Maandiko ya kale yanakubaliana na usomaji huo. Mafundisho yanayoitwa Didaskalia, yaliyoandikwa Syria katika karne ya tatu, yanataka shemasi awe sikio la askofu, na kinywa chake, na moyo wake na roho yake. Sikio ndilo linalotajwa kwanza. Askofu wa mji mkubwa hawezi kuingia kila nyumba, kwa hiyo yupo mtu ambaye kazi yake ni kusikia kwa niaba yake kile ambacho hakitasemwa mbele ya madhabahu. Ndiyo sababu naona Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, katika sura ya tatu, ulipoorodhesha sifa za mashemasi, uliziweka mbele zile zinazomfaa mtu anayepita kati ya watu: wasiwe wenye kauli mbili, wasiwe watu wa mvinyo mwingi, wasitamani fedha ya aibu. Mwenye kauli mbili huwaambia maskini kwamba wakubwa wamekataa, na huwaambia wakubwa kwamba maskini wameridhika. Anayetamani fedha ya aibu huandika jina la shemeji yake. Hatari zote hizo zinazaliwa na kazi yenyewe, na waraka unaendelea kusema kwamba watu hao wajaribiwe kwanza, jambo ambalo makanisa yetu mengi hulifanya kwa kuangalia mtu anavaaje na anatoa kiasi gani.

Yustino Mfiadini, aliyeandika Roma yapata mwaka 150, anasimulia kwamba baada ya shukrani mashemasi waliwagawia waliohudhuria mkate na divai, kisha wakawapelekea wasiokuwapo. Na katika maelezo hayo hayo anasema kwamba kilichochangwa kiliwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni waliokaa kati yao. Mtu hawezi kuwapelekea mkate wasiokuwapo asipojua ni nani hayupo, anakaa wapi, na kwa nini hakuja. Hapo Ekaristi na sahani ya maharage vilipita mlango mmoja, mikononi mwa mtu mmoja. Miaka mia moja baadaye, mwaka 251, askofu wa Roma, Kornelio, alimwandikia Fabio wa Antiokia barua ambayo mwanahistoria Eusebio ameihifadhi, akihesabu watu wa kanisa lake: mapadiri 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, akoliti (wasaidizi wa altareni) 42, wapunga pepo, wasomaji na mabawabu 52, na wajane pamoja na wenye shida zaidi ya 1,500. Barua nyingi za maaskofu nimezisikia zikisomwa hapa kwetu, za upande wowote, na sijasikia inayohesabu mapadiri au wachungaji kisha ikaendelea, bila kuvuta pumzi, kuhesabu wajane. Kornelio aliijua idadi hiyo kwa sababu ilikuwapo orodha, na orodha ilikuwapo kwa sababu walikuwapo watu saba wa kuitunza katika mji mkubwa kuliko yote ya dola.

Mmoja wa mashemasi wa Roma waliofuata ni Laurenti, aliyeuawa tarehe 10 Agosti 258 wakati wa mateso ya Kaisari Valeriano. Masimulizi ambayo Ambrosi wa Milano aliyaandika karne iliyofuata yanasema kwamba aliagizwa akabidhi hazina za kanisa, akaja na maskini, akasema hizo ndizo hazina. Wanahistoria wanajadili ni kiasi gani cha masimulizi hayo kilitokea hivyo hasa. Ninachokiona mimi ni jambo la kazi: Laurenti aliweza kuwaleta maskini kwa siku chache kwa sababu aliwajua kwa majina na kwa vichochoro vyao. Shemasi wa Goma akiagizwa leo alete maskini wa kanisa lake kabla ya Ijumaa, atawaleta wangapi?

Lakini cheo hicho kilikuwa na ugonjwa wake, na ulionekana mapema. Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 18, uliwakemea mashemasi wa baadhi ya miji waliokuwa wakiwapa mapadiri Ekaristi, wengine wakiipokea kabla ya maaskofu, na kukaa kati ya mapadiri. Ukawaamuru wabaki katika kipimo chao. Nimeisoma kanuni hiyo mara nyingi, kwa kuwa inaeleza kitu tunachokishuhudia. Anayeshika mfuko hupata heshima, heshima hutafuta kiti, na kiti kikishapatikana mbele, benchi la mwisho halionekani tena. Katika makanisa yetu mashemasi tuna viti vyetu upande wa mimbari, tuna beji, tuna wimbo wa kutuingiza siku ya sherehe. Kutoka pale tulipokaa, aliye karibu na mlango ni kivuli tu.

Karne zilizofuata sina haja ya kuzipitia zote. Katika kanisa la Magharibi ushemasi ulififia polepole hadi ukabaki hatua ya kuelekea upadiri. Kalvini, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti huko Geneva, mwaka 1541, aliurudisha kama kazi ya kudumu, akawagawa mashemasi makundi mawili: wanaopokea na kutunza mali ya maskini, na wanaowahudumia wagonjwa na maskini kwa mikono. Wamisionari waliotuletea Uprotestanti walituachia zaidi la kwanza kuliko la pili, nasi tumeliendeleza. Pale ambapo jumuiya zetu zina idara ya diakonia, mara nyingi ni ofisi ya miradi yenye katibu na kompyuta, na shemasi wa mtaani hana habari nayo ila anapoitwa kubeba magunia.

Upande wa Wakatoliki historia ni tofauti, na inatuhusu Wakongomani kwa namna ya pekee. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya tarehe 21 Novemba 1964, ulifungua tena mlango wa ushemasi wa kudumu, na Papa Paulo VI akatoa taratibu zake tarehe 18 Juni 1967: mwanaume mwenye ndoa aweza kupewa daraja hilo akiwa na umri wa miaka 35 au zaidi, mke wake akikubali. Leo mashemasi wa kudumu duniani ni takribani 50,000, walio wengi kabisa wakiwa Amerika na Ulaya. Afrika ni wachache mno. Sababu kuu haijafichika: sisi tulikuwa na katekista. Yeye ndiye aliyefundisha, akaongoza sala padiri asipokuwapo, akazika wafu na kuwatembelea wagonjwa katika vijiji ambavyo padiri alivifikia mara mbili kwa mwaka. Mtaguso wenyewe, katika hati juu ya umisionari ya Desemba 1965, ulisema kwamba wanaofanya tayari kazi ya ushemasi, kama makatekista wanaohubiri na kuongoza jumuiya za mbali, ingefaa watiwe nguvu kwa kuwekewa mikono. Maaskofu wengi wa Afrika hawakuifuata njia hiyo. Walikuwa na hofu zao: nani atawalipa, watasomeshwa wapi, watu hawatawaona kama mapadiri nusu wenye wake? Kardinali Malula wa Kinshasa, katika miaka ya 1970, alichagua njia nyingine, akawakabidhi walei wenye ndoa uongozi wa parokia na kuwaita bakambi, bila kuwapa daraja.

Sioni kwamba Malula alikosea. Aliona kwamba mlei aliyepewa madaraka ya kweli huweza kufanya mengi kuliko shemasi aliyepewa vazi. Ila ninawauliza ndugu zangu Wakatoliki, kwa heshima ya mtu aliye nje, kama inatosha ushemasi uonekane Goma kwa miezi michache tu katika maisha ya kijana, sheria yao ikitaka isipungue sita kabla ya upadiri. Askofu humkabidhi kijana huyo kitabu cha Injili na kumwambia aamini anachosoma, afundishe anachoamini, na atende anachofundisha. Papa Benedikto XVI mwaka 2009 alirekebisha sheria ya Kanisa ili ieleweke wazi kwamba shemasi amepewa uwezo wa kulihudumia taifa la Mungu katika liturujia, katika Neno na katika mapendo. Kati ya hizo tatu, ile ya mapendo ndiyo inayohitaji muda mrefu kuliko zote. Kuhubiri kijana aweza kujifunza kwa miezi sita. Kuzijua njia za Ndosho na Mugunga, kujua nani ana mgonjwa aliyefichwa na nani analala njaa akisema ameshakula, hakujifunziki kwa miezi sita. Kazi hiyo kwao inafanywa na mashirika, zile jumuiya ndogo za mtaani, na akina mama waliomo. Wanaifanya vizuri, na kanisa halina jina la kuwaita.

Akina mama ndio wanaonileta kwenye jambo ambalo wengi wetu tunalizunguka. Paulo, akiwaandikia Warumi, anamkabidhi kwao Fibi, na neno analomwitia ni diakonos wa kanisa la Kenkrea, neno lile lile ambalo katika salamu za Wafilipi tunalisoma "mashemasi". Katika Biblia yetu Fibi ameandikwa "mhudumu". Kwa haki, watafsiri walitumia mhudumu pia kwa Paulo na Apolo, kwa hiyo siwashtaki kwa hila. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba mwanamke huyu alibeba jina la kazi yetu. Yapata mwaka 112 mtawala wa Kirumi Plinio alimwandikia Kaisari Trayano kwamba aliwatesa wajakazi wawili waliokuwa wakiitwa wahudumu kati ya Wakristo, ili apate ukweli kutoka kwao. Mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451 ulikataza mwanamke kuwekwa shemasi kabla ya miaka arobaini, na sheria ya umri haitungwi kwa ajili ya watu wasiokuwapo. Papa Fransisko aliunda tume mwaka 2016 na nyingine mwaka 2020 kulichunguza suala hilo. Na hapa nchini kwetu, Kolwezi, Februari 2017, Patriarki Theodoros II wa Aleksandria aliweka wakfu ushemasi wa kike kwa ajili ya misheni ya Kiorthodoksi ya Katanga. Kisha mwaka 2024, mjini Harare, kanisa hilo hilo likamwekea mikono Angelic Molen awe shemasi. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hapa Goma yana mama mashemasi, na tunajivunia jambo hilo. Tunapokaa kuhesabu na kuamua, hata hivyo, wao huwa jikoni wakiandaa chai ya wageni. Mama aliyeuliza swali katika komite yetu alikuwa mwanamke pekee chumbani siku hiyo.

Kuna mtu wa mji huu ambaye hakuwa shemasi na ambaye amenifundisha neno meza kuliko mahubiri mengi. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mlei wa Kikatoliki na mwanajumuiya ya Sant'Egidio, aliyekuwa akiwahudumia watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa bidhaa mpakani. Alikataa hongo aliyopewa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni, akatekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma, wakati mji wake ukiwa bado mikononi mwa M23. Hakuna aliyemwekea mikono awe shemasi. Lakini alisimama kati ya lori na sahani ya mtu ambaye hatamjua kamwe, na kama hiyo si huduma ya mezani, basi mimi sijui kuhudumu mezani ni nini.

Ninachopendekeza kwa mashemasi wenzangu kinaweza kuanza Jumapili ijayo, bila sinodi wala mfadhili. Kabla ya kuhesabu sadaka, komite isome kwa sauti majina ya walio na shida, na kila shemasi aulizwe ni nani aliyemwona juma hilo ambaye hayumo. Daftari la waumini lisiwe daftari la msaada, kwa maana la kwanza linaandika wenye barua na la pili lapaswa kuandika wenye njaa. Wakati wa uchaguzi, nafasi kadhaa za ushemasi zipewe watu waliotufikia kwa kukimbia, wanaosema lugha za mabenchi ya nyuma, hata kama hawajatimiza miaka ya uanachama tunayoidai. Nikolao wa Antiokia naye alikuwa mgeni. Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba orodha isiyofungwa huleta fujo na hila, na kwamba wapo wanaozunguka makanisa matatu kwa siku moja. Wapo, nimewaona. Ila kati ya kumpa mtu mara mbili na kumpita mjane wa benchi la mwisho, Matendo ya Mitume yanatuambia ni kosa lipi lililowafanya mitume wasimamishe shughuli zao na kuita mkutano.

Yule mama wa Masisi alikaa nasi hadi katikati ya mwaka, kisha akaondoka na majirani waliokuwa wakirudi kuangalia mashamba yao. Jina lake limo katika daftari letu, ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa mama shemasi aliyekwenda kumtafuta kwa miguu siku mbili baada ya mgao ule, na mbele ya jina, kwenye safu ya namba ya barua ya uhamisho, ameandika mtaa na nyumba alimokuwa akilala.